Nina miaka 62 na ninakimbia mbio za barabarani, watoto wanasema ninawaaibisha

SWALI

Mpendwa mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 62, naishi Uyole hapa Mbeya. Baba watoto alifariki kabla sijastaafu. Nina watoto wawili. Wa kiume yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri, na ndiye anayenitumia hela ya dawa za presha. Wa kike ameolewa Iringa.

Nilipostaafu daktari aliniambia nipunguze uzito, nitembee. Nikaanza kutoka alfajiri na akina mama wenzangu wa mtaani. Kutembea kukageuka kukimbia kidogo kidogo, wenzangu wakaacha, mimi nikabaki. Sasa asubuhi nyingi nashika njia ya vumbi ya mashambani, naenda mpaka mwili unachemka, narudi. Nyumba ilikuwa imepooza tangu mwenyewe aondoke, ila siku nikirudi nimelowa jasho najikuta naimba jikoni peke yangu. Usingizi umerudi. Presha imetulia mpaka wahudumu wa zahanati wananiuliza nakula nini.

Mwaka huu nikajiandikisha mbio za barabarani hapa mjini, kilomita 21. Nililipa ada sawa na kila mtu, nikapewa fulana na namba ya kifuani. Asubuhi ile ilikuwa na baridi yetu ya Mbeya, unaijua. Vijana walipotoka nikatoka nao, maana umati unabeba mtu. Hadi Mwanjelwa nilikuwa vizuri kabisa. Watu pembeni wanapiga kelele, "Bibi, kaza! Bibi, kaza!" Mama mmoja muuza ndizi aliacha meza yake akakimbia na mimi hatua kadhaa, kanga inampeperuka, anacheka kwa furaha. Siku hiyo nilijiona mtu.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Kwenye mpando kifua kilinibana kidogo, nikatembea, kikaachia, nikaendelea. Nilipogeuka nyuma sikuona watu. Meza za maji zilikuwa zimeshaondolewa, nikakuta chupa tupu zilizokanyagwa. Kijana mwenye kizibao kinachong'aa akashuka kwenye pikapu akaniambia, "Bibi, panda gari, barabara inafunguliwa." Nikamwuliza zimebaki kilomita ngapi. Akasema kama nne. Nikamwambia, mwanangu, nne nazimaliza. Akaondoka, nikabaki na malori na bajaji. Nilikimbia ukingoni kwenye kokoto. Lori moja la mafuta lilinipigia honi hadi nikarukia mtaroni.

Nilifika baada ya saa tatu na ushei. Lile geti la kujazwa upepo lilikuwa limeshalala nusu, vijana wawili wanalikanyaga litoe hewa iliyobaki. Nikapita pembeni yake. Binti wa mezani akaniambia medali zimeisha. Nikamwonyesha namba yangu. Akasema, "Pole bibi, mwakani uwahi."

Hilo ningelimeza. Kumbe kuna mtu alinirekodi. Kwenye video nimefunga kitenge juu ya suruali, nakimbia ukingoni, lori linanipigia honi kwa nyuma, na sauti ya anayerekodi inacheka. Ikazunguka mpaka ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mwanangu akapiga simu usiku huohuo. "Mama, unatuaibisha. Watu watasema hatukutunzi mpaka unahangaika barabarani. Ukianguka, nani atakuuguza?" Binti yangu naye akasema kaka yake ana haki. Shemeji yangu akaandika kwenye grupu kwamba umri huu ni wa kulea wajukuu na kusali. Mwanangu amesema nikiendelea ataongea na mchungaji wangu.

Tangu hapo nakimbia kwa kujificha, kungali giza, nimejitanda kanga nisijulikane. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Jirani alinipa diklofenaki, nikimeza linatulia. Watoto sijawaambia.

Miaka yote darasani niliwasimulia wanafunzi habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyeumia goti kwenye maratoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akafika mwisho. Niliamini nilichokuwa nafundisha. Sasa nauliza, mama wa umri wangu anakosea kukimbia? Niwatii watoto kwa ajili ya amani? Na mbio za mwakani niende, au nibaki nyumbani na aibu yangu?

Mwalimu mstaafu, Uyole


JIBU

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta.

Barua yako ina maelezo mengi ya medali, video na simu ya mwanao, na nitayafikia yote. Kifua umekipa sentensi moja. Niruhusu nianze na sentensi hiyo, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yote yanaitegemea.

Kifua kinachobana mtu akipanda mlima na kuachia akipumzika ni moja ya dalili kuu kwamba mishipa inayolisha moyo haipitishi damu ya kutosha wakati moyo unafanya kazi nzito. Inaweza pia kuwa jambo jingine. Hewa ya baridi ya alfajiri hubana njia za pumzi kwa baadhi ya watu, tindikali ya tumboni huunguza kifua, misuli ya mbavu nayo huchoka. Mimi kwa barua siwezi kujua ni ipi, na wala jirani mwenye diklofenaki hawezi kujua. Ninachojua ni kwamba una miaka 62, hedhi imeshakoma, na unatumia dawa za presha. Mtu mwenye sifa hizo haambiwi "ni uchovu tu" kabla hajapimwa. Na kwa wanawake moyo mara nyingine hulalamika bila maumivu makali ya kifua. Unaweza kuona pumzi inakata kuliko kawaida, mwili unalegea ghafla, kichefuchefu, maumivu ya taya, mgongo au mkono. Dalili kama hizo zikikujia umekaa tu, au kifua kikibana kisiachie baada ya dakika chache za kupumzika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kupambazuke.

Kwa hiyo simamisha kukimbia mpaka uonwe na daktari, na uende wiki hii. Kutembea polepole kwenye tambarare unaweza, mradi hakuna kinachobana. Ukifika mbele ya daktari usiseme umekuja kuangalia presha. Sema hivi: "Nikikimbia kupanda mlima kifua kinabana, nikitembea kinaachia." Maneno hayo yatambadilishia daktari mpango mzima wa vipimo. Omba kupimwa presha, sukari, mafuta kwenye damu na umeme wa moyo. Kisha uliza swali hili ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi: je, nahitaji pia kupimwa moyo nikiwa kwenye mazoezi? Kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala kitandani kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu ambaye tatizo lake hujitokeza kwenye mpando peke yake. Mbeya mna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, hamko mbali na wataalamu. Na ikionekana unahitaji kwenda mbele zaidi, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, mji anakoishi mwanao.

Sasa Akhwari. Nampenda kama wewe, na nafurahi kwamba watoto wa Mbeya walimjua kupitia kwako. Alianguka, goti likateguka, likafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi kufika. Lakini alichokuwa anakiburuza ni goti, na alikuwa kijana mwenye moyo wa mwanamichezo. Goti lililoumia linaweza kuburuzwa hadi mwisho, na gharama yake ni kuchechemea. Kifua kinachobana hakiburuzwi. Ukikisikia tena, popote pale, hata zikiwa zimebaki mita mia, unasimama. Nakuomba hili liwe sheria kwako kabla hatujazungumza chochote kuhusu mwakani.

Diklofenaki nayo iache leo, umweleze daktari kwamba ulikuwa unaimeza. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu za dawa yako ya kushusha. Zikikutana na baadhi ya dawa za presha, na mwili uliopoteza maji kwa jasho, figo ndizo zinazoumia, na figo huumia kimyakimya. Wakimbiaji wengi humeza vidonge vya maumivu asubuhi ya mbio wakidhani wanajikinga. Wewe usiwaige, hata kama goti litakuwa limepona.

Baada ya hapo nakuja kwenye swali lako la kwanza. Hapana, Mwalimu, hukosei kukimbia. Daktari akikuruhusu, kimbia, na usimwombe mtu radhi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma, mifupa hupoteza uimara haraka zaidi, na ule uzito wa mguu kugusa ardhi unasaidia mifupa isidhoofike. Usingizi na presha umeshayaona mwenyewe. Na hilo la kuimba jikoni nalihesabu kama matokeo ya afya sawa na presha, kwa sababu mjane aliyepata tena hamu ya asubuhi yake amepata kitu ambacho hakiuzwi duka la dawa.

Shemeji yako anasema umri huu una kazi zake. Maneno ya namna hiyo yamewahi kusemwa kwa wanawake wote, hata wasichana. Hadi Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mbio ndefu kuliko zote walizoruhusiwa wanawake zilikuwa mita 1500. Maratoni ya wanawake iliingia Olimpiki mara ya kwanza Los Angeles mwaka 1984. Wewe wakati huo ulikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Wanaume waliokuwa wakiendesha michezo waliamini mwili wa mwanamke hauwezi safari hiyo. Na kwa upande wa umri, yupo Ed Whitlock wa Kanada, ambaye mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia maratoni nzima ya kilomita 42 chini ya saa tatu. Simtaji ili umfukuzie muda wake, maana mwili ule ulikuwa wa peke yake. Namtaja ili shemeji ajue kwamba mstari anaouchora yeye haukuchorwa na maumbile.

Wajukuu na sala havizuiwi na mbio. Ukikimbia dakika arobaini asubuhi, siku nzima inabaki mbele yako.

Mwanao ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi. Kwenye simu ile amekwambia mambo mawili kwa pumzi moja, na kila moja lina jibu lake. "Ukianguka, nani atakuuguza?" ni hofu. Huyu ni mtoto aliyekwisha kumzika baba yake. Amefungua simu akiwa Dar, mbali na wewe, akaona lori limemkaribia mama yake na mtu anacheka. Hata mimi ningeshtuka. Hofu hiyo iheshimu, na uijibu kwa vitu vinavyoonekana: majibu ya daktari, njia unayopita, saa unayotoka, na jina la jirani ambaye ana ufunguo wa nyumba yako.

"Watu watasema hatukutunzi" ni jambo jingine kabisa. Hapo anazungumzia jina lake. Namwelewa pia, kwa sababu kwetu mama mzee akionekana anahangaika barabarani, macho ya watu huwageukia watoto wake. Lakini wewe hukuwa unahangaika. Ulikuwa mshiriki uliyelipa ada, una namba kifuani, unamaliza kazi uliyoianza, na barabara ilikuwa imefunguliwa juu yako. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, bila kulia na bila kufoka. Anayekutumia hela ya dawa ana haki ya kujua hali ya afya yako. Kupanga alfajiri zako ni kazi yako mwenyewe.

Ningekuwa wewe ningempigia baada ya kutoka hospitali, si kabla. Ningeanza hivi: "Mwanangu, uliniuliza nikianguka nani ataniuguza. Umeuliza vizuri. Nimekwenda kupimwa, majibu ni haya, nakutumia picha ya karatasi." Mpe nafasi aisome. Mengine yafuate baadaye. Mtoto aliyejibiwa hofu yake huwa na nafasi ya kusikia, na usishangae ile habari ya aibu ikapungua yenyewe. Mwite pia aje siku moja atembee na wewe hiyo njia ya mashambani, au dada yake aje na wajukuu kutoka Iringa. Mbio nyingi za barabarani huwa na kilomita tano za familia. Mjukuu akivaa namba kifuani pembeni ya bibi yake, grupu la ukoo litapata video nyingine ya kuzungusha.

Mchungaji ukamwone wewe kwanza. Usingoje asikie upande mmoja kutoka Dar. Mweleze ulivyokuwa baada ya msiba na ulivyo sasa. Wachungaji wamezika waumini wengi wenye presha na kisukari, na sidhani kama wako atakukataza kuutunza mwili wako.

Kuna jambo moja katika barua yako limenisumbua hata kuliko lori. Unakimbia kungali giza, umejitanda kanga, mtu asikujue. Acha hilo mara moja. Mwanamke wa umri wako, mwenye kifua kinachobana, peke yake kwenye njia ya mashambani, hakuna anayejua yuko wapi. Hapo kuna bodaboda zisizo na taa, kuna mbwa, kuna mashimo. Ukianguka utakutwa na wanaokwenda shambani. Toka mwanga ukishakuwepo. Kwa miezi ya Juni na Julai hasa, baridi ya kwenu ikiwa kali, ngoja jua lichomoze, kwa sababu baridi hukaza mishipa ya damu na kupandisha presha, na kupanda mlima ghafla kwenye hewa ya namna hiyo ni mzigo mara mbili kwa moyo. Tembea dakika kumi kwanza kabla ya kukimbia, na funika pua na mdomo kwa skafu hadi mwili upate joto. Halafu salimia watu njiani. Wakuzoee. Mtaa ukishakuzoea, watu walewale ndio watakaokuulizia siku usipopita.

Kuhusu goti, maumivu ya kushuka ngazi mara nyingi yanatoka sehemu ya mbele ya goti, na sababu mojawapo ya kawaida ni misuli ya paja kukosa nguvu ya kulishikilia. Umri hupunguza misuli, na kukimbia peke yake hakuirudishi yote. Daktari akishalitazama, chukua kigoda kigumu cha jikoni kisicho kifupi sana, kaa, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara kumi, pumzika, rudia mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ongeza na kusimama kwa vidole umeshika ukuta. Mteremko mkali ushuke kwa kutembea, hatua fupi, usizuie mwili kwa kisigino. Mbeya ni milima, na wengi wanaogopa mpando wakati magoti yao yanaharibiwa na mteremko. Angalia na viatu. Kama ulivinunua mitumba, bonyeza soli kwa dole gumba upande wa kisigino. Kama haibonyei kabisa, sponji imekauka, na goti lako ndilo linalopokea kila kishindo.

Sasa mbio zenyewe. Waandaaji walikukosea, na nataka uwaandikie barua. Mtu anayepokea ada yako anatakiwa akwambie kabla hujalipa kwamba barabara itafungwa kwa muda gani. Maji yabaki mezani mpaka mtu wa mwisho apite au achukuliwe. Aliyelipa ada na kumaliza hapaswi kuambiwa medali zimeisha. Waandikie ukiweka picha ya namba yako na saa uliyofika, uidai medali kwa adabu. Usione haya. Kuna wengine waliokuwa nyuma kama wewe ambao hawataandika.

Lakini pia jua wanachopambana nacho. Mji wenu umejipanga kando ya barabara kuu moja, ile ya TANZAM, na malori ya Tunduma na Zambia hayana mahali pengine pa kupita. Polisi hawawezi kuishikilia asubuhi nzima. Piga hesabu: barabara ikifungwa kwa saa tatu, mtu wa kilomita 21 anatakiwa amalize kila kilomita kwa dakika nane na nusu hivi, kupanda na kushuka, bila kusimama. Wewe ulitumia zaidi. Kwa hiyo mwakani, ukiruhusiwa na daktari, jiandikishe kilomita 10. Utakimbia katikati ya watu, utakuta maji, na geti litakuwa limesimama. Ukizimaliza vizuri, mwili ukapona ndani ya siku chache, hapo ndipo tutazungumza kuhusu 21 tena, na utafute mbio zenye muda mrefu wa kufunga.

Na lile gari likija, Mwalimu, panda. Najua inauma. Ulikuwa na nguvu za kumaliza, na ulimaliza, hakuna wa kukunyang'anya hilo. Ila trafiki akishaondoka, mbio zimekwisha, na dereva wa lori hajui maana ya namba iliyo kifuani mwako.

Siku ya mbio simama nyuma kabisa. Kilomita mbili za mwanzo ziende polepole kiasi cha kuweza kutamka sentensi nzima bila kukatisha pumzi. Umati utakubeba, ukatae. Changanya kukimbia na kutembea tangu mwanzo, kimbia dakika mbili, tembea dakika moja, kabla hujachoka. Wakimbiaji wengi wa umri wako duniani hukimbia hivyo, na mara nyingi huwapita njiani wale waliotoka kwa kasi. Kwenye kila mpando, tembea. Kitenge chako funga kama ulivyofunga, hakuna kanuni inayokikataza, ila kisifike chini ya goti kisije kikakutega.

Nyuma ya namba ya kifuani andika kwa kalamu isiyofutika jina lako, dawa unazotumia, na simu ya mtu atakayekuwa uwanjani siku hiyo. Mwombe binti yako awe ndiye. Hata kama bado anakubaliana na kaka yake, mwombe, na umwambie saa unayotarajia kufika.

Majibu ya daktari yakitoka niandikie tena, yawe mazuri au yawe mabaya.